Msemaji wa Pili

"Vumbi lako hilo! Lichukue! Sikulizaa mimi, silitaki, wala sitalilea!"

Bi Sikudhani aliinama, akalisukuma vumbi kwa ufagio wake wa chelewa mpaka likavuka mstari wa chaki uliokata ua katikati. Upande wa pili wa mstari alikuwa amesimama Bibi Nangilo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kikongwe mwembamba kama mwiko, naye kashika ufagio wake. Akalitazama vumbi. Akamtazama aliyelileta. Kisha akatoa maneno sita ya Kigwilu, polepole, kama mtu anayepanga mayai kwenye kapu, akalisukuma vumbi likarudi lilikotoka.

"Haya! Katukana!" wakapaza sauti wapangaji waliokuwa wamejaa madirishani tangu asubuhi. "Kasema nini, Bi Sikudhani?"

"Nitajuaje mimi? Mimi nasikia lugha ya bundi?"

Alisikia. Alisikia kila neno, na hiyo ndiyo ilikuwa siri aliyoilinda kuliko alivyowahi kulinda siri ya mtu, maana za watu alikuwa hazilindi. Alikuwa ameambiwa kwamba yeye ni chungu kilichotoboka, ambacho hata fisi akikiiba atakirudisha kwa mwenyewe na kuomba radhi. Tusi lilimkaa vizuri. Alilirudia kimoyomoyo mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake asitake kukiri kwamba umekolea.

Vumbi lenyewe lilikuwa lilelile. Miaka kumi na tisa lilikuwa likivuka mstari asubuhi na kurudi mchana, likapata uzee, likawa laini kama unga wa muhogo. Na mstari ule haukufutwa na mvua wala na nyayo. Aliuchora mmoja wa wenye nyumba wa zamani, siku aliyokuwa na chaki mkononi na hana la kufanya. Hakuuliza nani analala wapi. Alichora, akapangusa vidole, akaenda kunywa chai. Tangu siku hiyo watu wa huku wakawa watu wa huku na watu wa kule wakawa watu wa kule, hata kuku wakajifunza.

Nyumba yenyewe nani anaweza kuieleza? Ukihesabu vyumba vyake asubuhi unapata arobaini, ukihesabu jioni unapata mia na ishirini, na kati ya hapo kimoja kinakuwa kimefungwa usijue nani alikuwa akikaa humo. Sheria yake ilikuwa moja tu: chumba ni cha lugha, mtu ni mlinzi. Ukiwa na lugha ya kwenu unapewa chumba uiweke ndani, uilishe, uifungulie dirisha. Ukitoka nje, uani, unaongea lugha ya uani, ambayo haikuwa na chumba kwa sababu ilizaliwa kwenye kamba ya kuanikia nguo na hakuna aliyekubali kuwa ndiye mama yake, ingawa wote walikuwa wameinyonyesha.

Lugha ya uani ilikuwa na mkono mrefu. Wenye nyumba walikuja wengi, wakaondoka wengi, na kila aliyeondoka aliacha kitu kwa haraka ya safari. Mmoja aliacha meza, leso na gereza. Mwingine aliacha kitabu, kalamu na sahani. Mwingine alikaa muda mfupi, akaondoka kwa kishindo cha viatu vizito hata akasahau shule. Wa mwisho aliacha fomu, koti na foleni. Lugha ya uani ikapita nyuma yao, ikaokota kimoja kimoja, ikavifuta, ikavivalisha irabu mwishoni visipigwe na baridi, na alipoulizwa mtu yeyote, "Hii meza mmeitoa wapi?" alijibu, "Meza? Si yetu hii, tangu babu na babu!" Mpaka leo hakuna aliyerudi kudai.

Kilichobaki bila kuguswa ni sebule. Mlango wa mbele ulifunguka kwa lugha ya mwenye nyumba wa mwisho tu, na hata aliyeijua aliingia akiwa ameshika kofia. Viti vilikuwa bado vimefunikwa mashuka. Ukutani ilining'inia saa iliyopiga kumi na mbili jua likiwa utosini, saa sita ya mchana kwa kila mtu mwenye akili timamu. Aliyeifuata saa ile ni mmoja tu, Mwalimu Lusajo wa chumba cha pembeni, na ndiyo maana alikuwa akiwatakia watu usiku mwema wakati wakichambua mchele wa chakula cha mchana.

Siku hiyo, vumbi likiwa ndiyo kwanza limerudi upande wa Bi Sikudhani, akaingia karani.

Aliitwa Karani Teofili, wa Ofisi ya Hesabu ya Ndimi. Kashika fomu, kalamu sikioni, mhuri umefungwa kiunoni kwa kamba kama jambia. Bi Sikudhani alimwangalia akapata kizunguzungu kidogo, maana alimjua. Alikuwa karani yuleyule aliyekuja enzi za mwenye nyumba wa viatu vizito, na yuleyule wa enzi za kabla ya hapo, za mwenye nyumba wa kilemba. Kofia tu ndiyo ilibadilika. Hata kifungo kilichokatika shatini kilikuwa kilekile.

"Wewe si ulikufa?" alimuuliza.

"Nilihamishwa," alijibu karani, akakunjua fomu. "Chumba namba tisini na moja. Kigwilu. Mlinzi nani?"

Bibi Nangilo aliinamisha kichwa kwa heshima, asiseme neno. Ndivyo alivyokuwa kwa watu wote. Mwalimu Lusajo akipita, anainamisha kichwa, kimya. Muuza mkaa akija, kichwa, kimya. Lugha ya uani aliigusa siku za kununua chumvi tu, na hata hapo alisema "chumvi" akanyamaza. Aliyepata maneno yake alikuwa Bi Sikudhani peke yake, na Bi Sikudhani alikuwa ameliweka hilo moyoni miaka yote kama ushahidi kwamba katika nyumba nzima anaonewa yeye.

"Idadi ya wasemaji?" Karani alisubiri. "Bibi, wasemaji wa Kigwilu wangapi?"

"Walikuwa wawili," alijibu Bi Sikudhani, maana kujibia watu lilikuwa gonjwa lake. "Yeye na dada yake, marehemu Namtasi. Namtasi alitutoka mwaka wa mafuriko. Au mwaka wa nzige, sijui, hapa miaka inapishana mlangoni."

"Kwa hiyo mmoja." Karani aliandika mmoja, akaikodolea macho, akaguna. "Mmoja haiwezekani. Ibara ya nne: lugha ni ya wawili, wa kusema na wa kujibu. Ya mmoja si lugha, ni kelele. Kelele haipewi chumba." Akafungua kamba ya mhuri. "Kitakuwa ghala la fomu. Nusu fomu, maana fomu zenyewe hazijafika. Nusu nyingine kwa mujibu wa ibara ya tano anapewa jirani wa ukuta. Jirani wa ukuta nani?"

Madirisha yote yalimgeukia Bi Sikudhani.

Na hapo ndipo pagumu, kwa sababu mwanamke yule alikitaka kile chumba. Tusimfiche. Alikuwa mtu wa nyumba iliyojaa: wageni wake walilala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, wengine chini ya kitanda, na Idi iliyopita shemeji yake alilala amekaa, kichwa ameegemeza kwenye gunia la mchele, akaamka na alama ya gunia shavuni mpaka Mfungo Tatu. Chumba cha Bibi Nangilo kilikuwa na madirisha mawili. Mawili! Mara ngapi alikuwa amekipima kwa macho, hapa mkeka, hapa kitanda cha wageni, hapa wanawake tukae tuchambue mboga na kuchambua watu. Na sasa kilikuwa kinamjia mwenyewe, wala hakuombwa kitu ila kimoja ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Anyamaze.

"Ni mimi," alisema.

"Hongera," alisema karani.

"Hongera, Bi Sikudhani!" walisema wapangaji. "Usiku mwema," alisema Mwalimu Lusajo.

Karani akaupulizia mhuri pumzi ya moto, akauinua. Na mhuri ulipofika juu ukakaa huko. Saa ya sebuleni ilikuwa imeinua nyundo yake ipige la kwanza katika kumi na mbili, ikasahau. Moshi wa mekoni ulisimama wima kama nguzo. Kuku mmoja alikuwa na mguu juu. Kila kitu kilikuwa kinamsubiri mtu mmoja, na mtu huyo akajikuta ana nafasi ya kufikiri, jambo ambalo kwa kawaida alilikwepa kwa kuita watu waje wapige soga.

Alifikiri juu ya mzigo. Siku aliyohamia nyumba ile, binti mdogo aliyeolewa juzi, alikuja na vitu viwili: godoro, na lugha ya mama yake iliyofungwa kwenye kanga. Godoro alipata pa kuliweka. Lugha alikuwa akiibeba huku na huku, akiifungua jioni, akiimbia mtoto. Siku moja maji yalikatika, mtoto analia mgongoni, ndoo mikononi, akaona aiweke ile kanga kizingitini mara moja tu, akirudi ataichukua. Aliporudi haikuwepo. Aliwauliza majirani, wakasema hawakuona kitu. Labda aliyeiokota ni lugha ya uani, yenye mkono wake mrefu. Maana siku nyingine Bi Sikudhani alisikia watoto wa watu wakicheza, na katikati ya mchezo likatoka neno la mama yake, limevaa nguo za kigeni, likampita bila kumwamkia. Hakuna aliyepiga mhuri siku ile. Haikuhitajika karani. Ilihitajika ndoo.

Na Kigwilu je, alikitoa wapi? Kwa hasira. Mtu asiyeweza kulala na tusi asilolielewa atafanya nini? Kila walipogombana na Bibi Nangilo, jioni alimpelekea Namtasi bakuli la wali kupitia dirishani, akamnong'oneza, "Dada yako leo kaniita nini?" Namtasi akamweleza, anacheka mpaka wali unampalia. Bakuli kwa tusi, tusi kwa bakuli. Namtasi alipokufa, Bi Sikudhani alikuwa anajua Kigwilu cha kutosha kumdhalilisha mtu na ukoo wake mpaka kizazi cha saba, wala hajui "habari za asubuhi". Hakuwahi kukisema kwa sauti. Angekisemaje? Watu wangejua alikuwa anasoma. Usiku, shuka usoni, ndipo alipomjibu jirani yake, moja baada ya jingine, majibu mazuri ajabu, yakamfia mdomoni.

Sasa chumba kitakuwa chake na cha fomu. Asubuhi atafagia vumbi mpaka kwenye mstari. Halafu? Litavuka, likae hukohuko. Hakuna atakayelirudisha. Fomu hazifagii.

"Nyamaza," Bi Sikudhani alijiambia. "Madirisha mawili, mwanamke. Nyamaza."

Na angenyamaza. Naapa angenyamaza. Lakini Bibi Nangilo, ambaye katika ulimwengu mzima uliosimama ndiye pekee aliyekuwa bado anakwenda, akachukua ufagio wake. Hakumtazama karani. Hakuutazama mhuri. Alifagia taratibu upande wake, kama mtu anayeacha nyumba safi nyuma yake, akakusanya vumbi lote lililobaki, hata la pembeni ya kizingiti, akalisukuma likavuka mstari likamfunika Bi Sikudhani miguu yote miwili mpaka kwenye vifundo. Kisha akasema kwa Kigwilu, kwa sauti ndogo:

"Chukua, kuku mwizi. Sasa ni lako lote."

Bi Sikudhani alifungua kinywa, na miaka kumi na tisa ikatoka.

"*Nkalapi wewo!*" alifoka, na hilo ndilo neno lenyewe la kuku mwizi, akalirudisha likiwa bado na moto. Akaendelea hukohuko kwenye Kigwilu, bila kupumua: kuku mwizi ni wewe na mama aliyekutagia porini, uso kama kisigino cha mpagazi, shingo kama kamba ya ndoo, unafagia kama unayekuna mgongo wa mamba, na hilo vumbi lako nitalikanda niliumue nikupikie maandazi ule mpaka uote manyoya!

Saa ikapiga. Kuku akashusha mguu. Mhuri ukateremka, ukakosa fomu, ukamgonga karani gotini.

Bibi Nangilo alikuwa amesimama kashika ufagio kwa mikono miwili. Bi Sikudhani alidhani amemuua. Kisha kikongwe akavuta pumzi kutoka chini kabisa, kutoka mwaka wa nzige au wa mafuriko, akajibu. Na hakujibu maneno sita. Alijibu kwa ajili yake, na kwa ajili ya Namtasi, na kwa ajili ya watu wote wa chumba namba tisini na moja waliokuwa kimya siku nyingi. Yakaenda yakarudi, vumbi katikati yao likasahau lifuate upande gani, likapanda juu likakaa hewani linasikiliza.

"Wanasema nini?" aliuliza karani, akisugua goti.

"Wanagombana," walisema wapangaji.

"Kuhusu nini?"

"Vumbi."

"Na yule wa pili, anajibu au anapiga kelele?"

Mwalimu Lusajo, ambaye maishani mwake hakuwahi kukubali kwamba kuna lugha nje ya sebule, aliinua kidole. "Anajibu," alisema. "Sielewi neno hata moja, lakini mtu akijibiwa anajulikana. Mtazame bibi."

Karani alimtazama. Akakwaruza fomu, akauliza wapi panaandikwa ugomvi, akaambiwa kama yeye karani hajui nani atajua, ikabidi aandike chini ya "Matumizi Rasmi". Mbele ya msemaji wa pili aliandika Sikudhani. Akasita. "Unajua kwamba kwa jibu hili," alimwambia, "ile nusu ya chumba…"

"Najua, mwanangu," alisema Bi Sikudhani, jasho linamtiririka. "Usinikumbushe, nitalia mbele za watu."

Mhuri ukapigwa. Karani akaenda zake kupitia mlango wa nyuma kama watu wote, na alipovuka kizingiti alikuwa amevaa kofia nyingine.

Wapangaji walianza kurudi mekoni, kila mmoja ana la kusimulia na hana wa kumsimulia, maana wote walikuwepo. Wakabaki wawili na mstari wao. Bi Sikudhani alijipanga. Alijua sasa yatakuja makubwa, naye alikuwa amebakisha tusi moja la akiba, la Namtasi mwenyewe, lenye mbuzi ndani yake.

Bibi Nangilo aliegemeza ufagio ukutani. Akaenda mlangoni kwake, akausukuma ukafunguka wote. Harufu ya ugali wa mtama na mlenda ikatoka mpaka uani. Akasimama pembeni ya mlango, akasema neno moja.

"*Mwelemo.*"

Bi Sikudhani akalitafuta. Alipitia kuku, vyungu, visigino, wafu, mamba, alipitia hata yale ambayo Namtasi alikataa kuyafasiri. Halikuwemo.

"Hilo ni tusi gani?" aliuliza kwa lugha ya uani. "Hilo hukuwahi kunitukana."

Bibi Nangilo alitafuta maneno kwa shida, kama mtu anayetafuta chenji ndani ya pindo. "Si tusi," alisema, na zaidi ya chumvi hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya uani ambayo mtu aliyasikia. "Kwetu, mgeni hatukanwi. Mgeni unamwinamia, unanyamaza, anapita. Anayetukanwa ni mtu wako." Akapumzika. "Miaka kumi na tisa nakuita. Wewe unajibu kwa lugha ya kamba ya nguo. Nitamwitaje ndani mtu asiyejibu?"

Bi Sikudhani alitazama miguu yake iliyojaa vumbi. Alimkumbuka Namtasi akicheka dirishani, wali unampalia, na kwa mara ya kwanza akaelewa alichokuwa anakicheka.

Hakujua Wagwilu wanaitikiaje wakiitwa chakulani. Hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita. Alikuwa na mali ya aina moja tu, akaitoa. Alivuka mstari wa chaki, akasogea mpaka mlangoni, akachungulia sufuria, akakunja pua na kusema kwa Kigwilu, taratibu, akipanga mayai kwenye kapu:

"Mlenda huo hata fisi akiuiba ataurudisha."

Bibi Nangilo alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akainama, akavuta kigoda cha pili kutoka chini ya kitanda, akakipangusa kwa upindo wa kanga yake, akakiweka karibu na cha kwanza. Kisha akachukua birika la maji.

"Nawa mikono," alisema, "chungu kilichotoboka. Chakula kinapoa."